Mnandi na Ndege Wenzake wa Majini: Yaliyobainishwa na Watafiti

Wananchi wanaofuga samaki, na wale wanaolima mpunga katika mabonde yetu, wamekuwa wakiuliza mara kwa mara kuhusu ndege weusi wenye shingo ndefu wanaozama majini na kuibuka na samaki mdomoni. Wapo wanaotaka wauawe, kwa hoja kwamba wanamaliza samaki. Wapo pia wanaowachanganya na ndege wanaokula mpunga, wakawatupia wote jiwe moja. Kwa kuwa suala hili linagusa riziki ya watu, na kwa kuwa elimu yake ipo ila haijawafikia wengi, ukurasa huu unatoa maelezo yafuatayo mintarafu mnandi na ndege wenzake wa majini.

Maelezo yetu tutayaanzia Bara, katika kata ya Kilangali, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akajiuliza Kilangali inamhusu nini. Inamhusu kwa maji na kwa samaki. Kilangali imo katika uwanda wa chini baina ya mji wa Kilosa na Mikumi, mahali ambapo mito inayoshuka milimani, ikiwemo Mkondoa, Miyombo na Mkata, hupoteza kasi yake, ikatandaa na kufanya madimbwi na vinamasi. Maji hayo hatimaye huingia katika Mto Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaotenganisha Bara na kisiwa cha Unguja. Mvua inayonyesha Kilosa, basi, mwisho wake hufika katika bahari tunayovua sisi.

Kuhusu samaki, jambo hili halijulikani na wengi. Yuko perege ambaye asili yake ni bonde la Mto Wami, na wataalamu humwita Oreochromis hornorum, jina alilopewa na Dkt. Ethelwynn Trewavas mwaka 1966. Perege huyo aliletwa Zanzibar, na kutoka hapa akapelekwa Malacca, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Malaya. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu aitwaye Hickling alimchanganya na perege wa Msumbiji, akaona jambo la ajabu: dume wa huku akipandana na jike wa Msumbiji, watoto wanaozaliwa ni madume watupu, au takriban wote. Kwa mfugaji hiyo ni faida kubwa, kwani bwawa lenye madume pekee halijai vifaranga wasiokua. Hadi leo katika vitabu vya nchi za nje perege huyo wa Wami huitwa perege wa Zanzibar. Basi ndege anayekula perege Kilangali anakula ndugu wa samaki aliyebeba jina la visiwa vyetu duniani.

Sasa tumtambue mnandi mwenyewe. Katika Afrika Mashariki wako wa aina mbili katika maji baridi. Wa kwanza ni mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe, ambaye urefu wake hukaribia mita moja na uzito wake aghalabu ni kilo mbili hadi tatu. Wa pili ni mnandi mdogo mwenye mkia mrefu na macho mekundu, ambaye uzito wake wote ni kiasi cha nusu kilo. Jirani yao ni mbizi, mwenye shingo nyembamba kama nyoka na mdomo uliochongoka kama mkuki. Mnandi ana kulabu nchani mwa mdomo na humkamata samaki kwa kumbana, mbizi humchoma. Wote hummeza samaki kwa kumtanguliza kichwa, ili miba ya mapezi isikwame kooni.

Mwananchi yeyote aliyepita kando ya bwawa amemwona mnandi amesimama juu ya kigogo akiwa ametandaza mbawa kama mtu aliyeanika kanzu. Watu husema ndege huyu hana mafuta ya kuzuia maji. Kauli hiyo si sahihi. Watafiti walioongozwa na David Grémillet walichunguza manyoya ya mnandi mkubwa, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba kila unyoya una sehemu mbili: ya pembeni, ambayo hulowa, na ya ndani, ambayo hailowi. Kwa hiyo maji huingia katika tabaka la juu tu, hewa iliyofungwa manyoyani hupungua, na ndege hupata uzito wa kuzama bila ya taabu. Ilhali ngozi yake hubaki imezungukwa na tabaka jembamba kavu linalohifadhi joto. Akitoka majini hana budi kuanika alicholowesha. Bata, ambaye halowi, huelea kama kifuu na kuzama kwake ni kwa kazi.

Aidha, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba mnandi huwaona samaki kwa mbali chini ya maji, kama kipanga anavyoona panya kutoka angani. Mwaka 2007 wataalamu wa Uingereza, wakiwemo Craig White na Graham Martin, walipima macho yake, wakakuta kwamba majini mnandi haoni vizuri zaidi kuliko binadamu aliyezama bila ya miwani. Samaki mdogo humwona akiwa umbali usiozidi mita moja. Uwindaji wake, kwa mujibu wao, unafanana na ule wa kulasitara: humkurupusha samaki aliyejificha, kisha humdaka kwa shingo iliyorushwa ghafla akiwa karibu kabisa. Maji ya Mkata wakati wa masika huwa kama chai ya maziwa, na mnandi bado hushiba humo. Matokeo ya utafiti huo yanatuonesha jinsi anavyoweza.

Swali linalofuata ni hili: watafiti wanajuaje mnandi amekula nini, ilhali samaki huishia tumboni? Njia ni kadhaa, na moja inafaa kuelezwa kwa urefu. Mnandi hawezi kuyeyusha kila kitu. Mifupa, magamba na vitu vigumu hukusanyika tumboni, vikafungwa katika kitonge laini chenye utando, na ndege hukitapika, kwa kawaida mara moja kwa siku, hapo anapolala. Mtafiti hupita asubuhi chini ya mti, huokota vitonge, huvikausha na kuvipasua. Ndani hutafuta vijiwe vya masikio. Kila samaki mwenye mifupa anavyo kichwani vijiwe vidogo vyeupe vinavyomsaidia kujiweka sawa majini, na umbo la kijiwe cha perege si la kijiwe cha dagaa. Zaidi ya hayo, ukubwa wa kijiwe huenda sambamba na urefu wa samaki. Basi kwa kijiwe kilichookotwa kwenye uchafu wa ndege, mtaalamu huweza kusema: huyu alikuwa perege, na urefu wake ulikuwa kadhaa.

Njia hiyo ina kasoro, na watafiti wenyewe wanakiri. Asidi ya tumbo hula vijiwe, na vile vya samaki wadogo sana hupotea kabisa, hata hesabu ikaonesha kana kwamba ndege amekula samaki wakubwa pekee. Ndiyo maana vitonge hulinganishwa na yale yanayoonekana kwa darubini, na pia na matumbo ya ndege waliokufa wamenaswa nyavuni. Kuhusu kiasi cha chakula, makadirio mengi yaliyofanywa Ulaya kwa mnandi mkubwa ni karibu na nusu kilo ya samaki kwa siku. Mwananchi akisikia tarakimu hiyo asiitwike kichwani mwa mnandi mdogo, ambaye yeye mzima na manyoya yake hafiki mbali na uzito huo. Na huyo mdogo ndiye anayeonekana zaidi katika madimbwi yenye matete, akila samaki wadogo na vyura.

Utafiti mkubwa wa ndege wala samaki upande wetu umefanyika katika Ziwa Viktoria. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980 furu, waliokuwa wa aina mamia, walipungua vibaya mno, na dagaa wakaongezeka. Kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililoanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, lilikuwa likichunguza furu hao, na baadhi ya wataalamu wake, Jan Wanink na Kees Goudswaard, wakawageukia ndege. Walimchunguza mdiria yule mwenye madoa meusi na meupe, anayening'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Zamani alikuwa akila furu. Furu walipokwisha akahamia kwenye dagaa. Lakini dagaa ni mwembamba na mwepesi, hivyo ndege akalazimika kukamata samaki wengi zaidi ili ashibe vile vile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994. Yanafundisha kwamba ndege wa majini ni kipimo cha hali ya samaki: asomaye chakula cha ndege husoma ziwa, bila ya kutupa wavu.

Nakuru, nchini Kenya, mambo yalikwenda kinyume chake. Ziwa lile la magadi halikuwa na samaki, na sifa yake ilikuwa heroe. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 waliletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi, kwa makusudi ya kupambana na mbu. Perege wakazaana, na baada yao wakaja wenyewe mwari, minandi na ndege wengine wala samaki kwa maelfu. Hawakualikwa na mtu. Kwa hiyo anayeona minandi wengi katika bwawa lake ajue kwanza kwamba hao wamefuata samaki waliokwisha kuwapo.

Katika Ziwa Naivasha, Brooks Childress na Leon Bennun walifuatilia minandi wakubwa wanaojenga juu ya miti, wakapima ukubwa wa matundu yao na mahali yalipo, na kulinganisha na idadi ya makinda yaliyofanikiwa kuruka. Taarifa yao ilitoka mwaka 2000. Minandi hupendelea miti iliyosimama majini, kwani nyani na nyoka hawaifikii kwa urahisi. Kinyesi chao hatimaye huukausha mti, na hapo mwenye shamba hulalamika. Lakini kinyesi hicho hicho ni mbolea. Huko Peru mnandi wa aina nyingine, pamoja na ndege wenzake wa pwani, ndio waliojaza visiwa vizima kwa mbolea ambayo katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa merikebu hadi Ulaya, na serikali ikaendeshwa kwa mapato yake.

Ulaya nako yafaa kutajwa, kwani ndiko ugomvi wa wavuvi na mnandi ulikofikia kilele. Ndege huyo aliwindwa hata akakaribia kutoweka katika nchi nyingi, mwaka 1979 ikatoka sheria ya pamoja ya kuhifadhi ndege, akaongezeka upesi, na kelele za wafugaji wa samaki zikaanza upya. Tangu hapo wametumia fedha nyingi kuhesabu matundu, kupasua vitonge na kupiga risasi. Waliyoyaona ni kwamba ukiwaua minandi wa bwawa moja, wengine huja kushika nafasi yao maadamu samaki wapo na bwawa li wazi. Wajapani waliona njia nyingine: katika Mto Nagara, mjini Gifu, kwa zaidi ya miaka 1,300 wavuvi wamekuwa wakimfunga mnandi kamba shingoni asimeze samaki mkubwa, naye akawavulia.

Turudi mpungani. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mtoto, kila Alkhamisi na Ijumaa chuo kilipofungwa alipelekwa bondeni kuamia ndege. Hakufundishwa kutofautisha. Yangeyange, kulasitara, kitwitwi na chiriku wote walipigwa kombeo sawasawa, na aliyempata yangeyange alisifiwa zaidi kwa kuwa ni mkubwa na anaonekana. Miaka mingi baadaye ndipo alipofahamu kwamba yangeyange hali punje hata moja ya mpunga: anakula panzi, vyura na wadudu, ambao baadhi yao ndio wanaokula mpunga wenyewe.

Kilangali ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu huko uko mpunga mwingi, likiwemo shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo. Adui wa kweli wa mkulima wa Bara ni kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mnene wa kuvunjia punje, anayekuja kwa makundi kama moshi. Ndege wa majini waliosimama katika maji ya jaruba aghalabu wana kazi nyingine. Yupo korongo mweusi ambaye mdomo wake ukiufunga hubaki na pengo katikati, kama koleo iliyopinda. Chakula chake ni konokono wakubwa wa maji na kome. (Tusimzidishie sifa: konokono anaowapenda siyo wale wadogo wanaobeba kichocho, hivyo asitegemewe kuwa tabibu.) Wapo mabata wanaokula mbegu na kukanyaga miche, na hao mkulima ana haki ya kuwafukuza.

Hatari inakuja pale mkulima anapochoka kuamia na kuchukua dawa ya wadudu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, mtafiti Martin Odino alibaini tangu mwaka 2009 kwamba watu walikuwa wakitia sumu ya kabofurani ndani ya konokono na kuwatandaza jarubani. Korongo wale wa mdomo wenye pengo walikula wakaanguka. Wengine waliwekwa hai, wamefungwa, ili wawavutie wenzao. Kisha nyama ikauzwa na kuliwa. Kabofurani hushambulia mishipa ya fahamu ya mtu kama inavyoshambulia ya ndege, na kupika hakuitoi kwa yakini. Mwananchi yeyote anayeuziwa ndege wa majini aliyekwisha kufa, bila ya alama ya mtego wala jeraha, asimnunue, na amwarifu sheha wa shehia yake. Kwa upande wa dini mzoga una hukumu yake inayojulikana. Hapa tunazungumzia sumu.

Msomaji asidhani kwamba Kilosa ndege wana nafasi wanayoitaka. Uwanda ule hugombewa. Mkulima anataka maji ya mpunga, mfugaji anataka majani mabichi ya kiangazi, na mahali penye vyote viwili ni pale pale kinamasini. Tarehe 8 Disemba 2000, katika wilaya hiyo hiyo, watu 38 waliuawa kijijini Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa Disemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu bila ya makaazi na kung'oa reli. Wataalamu wa ardhi oevu hueleza kwamba kinamasi hufanya kazi ya sifongo: hupokea maji ya mafuriko, huyatua tope lake, kisha huyaachia polepole kiangazi kinapoingia. Kinapolimwa chote na kuchimbiwa mifereji, maji hufika chini kwa pamoja yakiwa na tope lote, na tope hilo mwisho wake ni mdomo wa Wami. Minandi, mbizi na korongo wakipungua mahali pa namna hiyo, kwa kawaida ni kwa sababu maji ya kina kifupi yamekwisha kabla ya makinda kuruka. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inalinda sehemu ya uwanda wa Mkata, lakini maji yake huingia na kutoka nje ya mipaka ya hifadhi.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000, na maeneo yake manne yaliyoorodheshwa ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kila Januari, katika nchi nyingi za Afrika, ndege wa majini huhesabiwa siku zinazokaribiana ili asihesabiwe mmoja mara mbili. Hapa kwetu, Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya misitu na maliasili inasimamia pia wanyama pori, na uwindaji pasipo kibali haukubaliki. Wavuvi wa kusini wanaofika Fungu Kizimkazi wanakumbushwa kwamba kisiwa kile kidogo ni mahali ambapo ndege wa bahari hutaga chini, juu ya mchanga na mwamba, na mguu mmoja usiotazama huweza kuvunja mayai kadhaa.

Kwa wenye mabwawa ya samaki, ushauri wa kitaalamu ni huu. Vifaranga walelewe kwanza katika bwawa dogo lililofunikwa, na wahamishwe wakiwa wamekua kiasi cha kumshinda mnandi mdogo kuwameza. Juu ya bwawa kubwa zitandazwe kamba nyembamba kwa kukatizana, kwani mnandi mkubwa akiwa ameshiba huhitaji nafasi ya kukimbia juu ya maji kabla ya kuruka, naye huepuka kushuka mahali asipoweza kuondokea. Wavu ukitumika ukazwe sawasawa. Wavu uliolegea huzamisha ndege na haumsaidii mfugaji. Sehemu moja ya bwawa ichimbwe kwa kina zaidi na kuwekwa matawi, samaki wapate pa kujificha. Nguzo na vigogo vya kutua viondolewe kandokando.

Mwisho, baadhi ya ndege wanaofika kwetu, hasa vitwitwi na buabua, huwa wamevalishwa mguuni pete ndogo ya chuma yenye nambari na jina la taasisi. Wapo waliotoka hadi Siberia. Atakayeokota ndege wa namna hiyo akiwa amekufa anaombwa aandike nambari yote kama ilivyo, pamoja na tarehe na mahali alipomkuta, na aifikishe kwa sheha au ofisi ya misitu iliyo karibu naye. Akiwa hai, nambari isomwe naye aachiwe, na pete isivuliwe.